Siku Laini Yetu Ilipozima Redio

Watu wa laini yetu hawana maneno mengi kuhusu mwanamke kupigwa, lakini wana redio. Nyumba za reli za Makongeni zimeshikana kwa safu, chumba kimoja kimoja, na ukuta wa katikati haujawahi kuzuia hata kikohozi. Mwanamume akianza kumpiga mkewe, jirani wa karibu huongeza sauti ya redio yake. Anayefuata akisikia, naye huongeza. Kabla chai haijachemka laini nzima inavuma, huku rumba, huku mahubiri, huku mpira, na hakuna anayeweza kuulizwa alisikia nini. Mama yangu, mwanamke wa kanisa ambaye hajawahi kumtukana mtu, aliniambia kwamba huko ni kumsitiri mwenzako. Mwenzako akianguka njiani na sketi ikapanda, unaishusha haraka. Husimami kumtazama.

Nilipokuwa mtoto nilizipenda sana jioni hizo. Rafiki yangu wa mlango wa jirani alikuwa akija kwetu redio zikipanda, naye alikuwa hodari wa kucheza. Alikanyaga sakafu kwa visigino mpaka vikombe vikalia kabatini. Mama alikuwa akimwambia, "Polepole, mwanangu," huku mkono wake mwenyewe ukiongeza sauti. Mimi nilidhani ni sherehe ya mtaa. Nilikuwa msichana mkubwa nilipoelewa kwamba nyumba iliyokuwa ikifunikwa na kelele zile ni ya kwao, na kwamba Mama ndiye aliyekuwa akimvuta mtoto kutoka mlangoni na kumleta kwetu. Mamake alirudishwa kwao magharibi ndani ya jeneza. Watu walisema ni presha.

Huenda ndiyo sababu nikawa hivi nilivyo. Nimebeba mabango ya wanawake waliouawa na waume zao, nimepuliziwa gesi ya machozi katikati ya jiji, na nimeitwa malaya na wanaume ambao sijawahi hata kuwasalimia. Nimeongea Kisumu, nimeongea Nakuru, nimeongea kwenye hoteli ambako chai huletwa na biskuti ndogo zisizoshibisha mtu. Kwetu sikuwa nimeitwa. Nabii hakosi heshima ila kwao, na mimi si nabii, mimi ni binti wa fundi wa reli, niliyeonwa na kila mtu nikiogeshwa kwenye karai. Basi wanawake wa chama cha akiba walipomtuma Mama aniulize kama ninaweza kuja kuwazungumzia Jumamosi katika holi ya mtaa, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilifika Ijumaa. Rafiki yangu alikuja kunisalimia nikiwa bado sijavua viatu. Nimtambulishe vizuri: alizaliwa upande wa kushoto wa nyumba yetu, akaolewa upande wa kulia, na hiyo ndiyo safari yote aliyosafiri maishani. Mumewe hukodisha vyombo vya muziki, spika na vipaza sauti vya harusi na matanga. Ni mtu anayependwa. Tangu baba yangu afariki, Mama hajabeba mtungi wa maji kutoka mferejini. Yeye ndiye humbebea, kila asubuhi, akipiga mluzi. Ningependa sana kuandika kwamba ana uso mbaya, lakini hana.

"Niaje, mheshimiwa," rafiki yangu alisema akiegemea mlango. "Siku hizi tunakuonanga kwa TV tu."

"Wacha ujinga. Kuja hapa."

Alikuja, tukakumbatiana, nikaona kifundo cha mkono wake kimevimba na kugeuka rangi.

"Nilianguka kwa choo," alisema.

"Sijakuuliza."

"Najua. Najibu mapema, nisikusumbue."

Tulicheka. Ndivyo tulivyokuwa, tukicheka kwanza. Alingoja mpaka Mama akatoka kwenda kununua mboga, kisha akafungua leso aliyojifunga na kutoa mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri. Ndani kulikuwa na nguo za binti yake, kadi ya kliniki ya mtoto na blauzi mbili zake mwenyewe.

"Weka hii chini ya kitanda ya mathe," alisema. "Jumapili asubuhi anaenda kufunga vyombo Kayole. Mtoto nitamvalisha viatu za kanisa. Tukitoka na wewe, watu wataona tu tunaenda kanisa."

"Na kutoka hapo?"

"Si una nyumba?"

Nina nyumba, South B, vyumba viwili na kitanda cha wageni ambacho hakijawahi kulaliwa na mgeni. Nilimwambia ni chake. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemwomba aondoke na yeye akabadilisha mazungumzo, na sasa mfuko ulikuwa mkononi mwangu. Nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi hadi nikajisifu moyoni, nikasema hata hotuba sijaitoa na tayari nimemtoa mtu.

Jumamosi alasiri holi ilijaa. Wanawake wa chama walivaa sare zao za kitenge, watoto waligawiwa soda na mandazi, na mbele alikaa mwenyekiti wa nyumba kumi, mzee aliyefanya kazi na baba yangu karakana, akiwa na koti zito katika joto lile. Vyombo vilikuwa vya mume wa rafiki yangu. Alikuwa amevileta bure kwa heshima ya Mama. Alinipandishia kipaza sauti kufikia kimo changu, akakipuliza, akasema, "Karibu shemeji, sauti iko sawa." Nilisema asante. Ungesema nini?

Nilianza na mambo ya sheria kama nilivyozoea kwingine, na nikaona macho yao yakiniacha. Mwanamke mmoja alianza kumchana mtoto nywele. Kwa hiyo niliweka karatasi chini nikawaambia kuhusu redio.

Holi ililipuka kwa kicheko. Walijua. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kulisema jambo hilo mbele ya watu, na lilipotajwa walichekana, wakagusana viwiko, wengine wakaficha nyuso kwenye leso. Niliwaacha wacheke. Kisha nikawaambia kwamba mwanamume anayepiga hutegemea redio zetu kuliko anavyotegemea ngumi zake. Nikawaomba kitu kimoja. Kuanzia leo, tukisikia, tuzime. Laini nzima izime redio, kisha kila mtu achukue sufuria, atoke, asimame mbele ya mlango ule. Hakuna kupigana, hakuna kutukana. Kusimama tu, ajue tumesikia.

Vigelegele vilipigwa. Bibi mmoja ambaye aliwahi kunichapa kwa kuiba embe zake alisimama kwa shida na kusema, "Tutazima!" Wote wakaitikia, tutazima. Mwenyekiti wa nyumba kumi alichukua kipaza sauti na kuapa kwamba yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kutoka. Mume wa rafiki yangu alikuwa kando ya spika akipiga makofi. Rafiki yangu alikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na ukuta. Hakupiga makofi. Alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu vya binti yake, na alizifunga kwa muda mrefu sana.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Naona haya kuandika hivyo, lakini niliimba.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeisha tu, Mama akikata sukuma, mimi nikimenya vitunguu, tuliposikia sauti ya mume wa rafiki yangu kupitia ukutani. "Ulimwambia nini yule? Eh? Ulimwambia nini?" Kisha kitu kizito kikagonga kabati. Mama, bila hata kuinua macho, alinyoosha mkono kuelekea redio. Nilimshika.

"Mama, tumeahidi."

Alinitazama na kisu mkononi. "Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Akaizima. Upande wa pili redio ya jirani nayo ikazimika. Halafu nyingine, na nyingine, mpaka zile za mwisho karibu na vyoo, ambazo kwa kawaida hata hatuzisikii. Sijawahi kusikia laini yetu ikinyamaza hivyo. Nywele zilinisimama kwa fahari. Nilichukua sufuria ya ugali na kijiko, nikatoka mbio.

Nje hapakuwa na mtu.

Nilisimama mbele ya mlango wao peke yangu, nikagonga sufuria. Taa zilikuwa zinawaka katika kila nyumba. Niliona pazia likisogea, niliona vivuli vya miguu chini ya milango, watu wamesimama pale pale, kwa ndani. Niliita majina. Niliita mpaka yule bibi wa "tutazima", na nikasikia komeo lake likisukumwa taratibu. Na kwa sababu hapakuwa na rumba wala mahubiri wala mpira, kila mmoja wetu alisikia kila kitu. Rafiki yangu alimwita mumewe baba. Alisema hatarudia, bila kusema ni nini hatarudia. Akasema, kwa sauti ya mtoto ambayo sijawahi kumsikia nayo hata tulipokuwa watoto, "Baba, usinipige mdomo, kesho ni kanisa."

Nilipiga ule mlango kwa ngumi. Ulifunguliwa. Mume alikuwa ametoka jasho, na alikuwa na adabu.

"Karibu shemeji. Kuna shida?"

Nyuma yake rafiki yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amejifunika uso kwa leso. "Enda kwenu," aliniambia. "Tafadhali. Enda." Na mlango ukafungwa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa nyumba kumi. Alikuwa nyuma ya mlango wake, akiwa na fulana, sufuria mkononi. Nasema kweli, alikuwa ameishika.

"Mimi nimezima redio, mwanangu," alisema. "Ulisema tuzime, nimezima."

"Na kutoka je, mzee?"

"Nilikuwa nangoja wengine watoke kwanza. Mtu hawezi kwenda kwa nyumba ya mtu peke yake, itaonekana ni chuki."

Basi hivyo ndivyo walivyokuwa, laini nzima. Kila mtu nyuma ya mlango wake na sufuria yake, akingojea mlango wa mwenzake. Nilikuwa nimewapa kazi mbili, wakafanya ile inayofanyika mtu akiwa ameketi. Nilikimbia kituo cha polisi. Kijana aliyekuwa zamu aliniuliza kama aliyepigwa ni mimi. Nikasema la. Akasema kwa upole kwamba mwenyewe aje. Niliporudi palikuwa kimya pande zote, na redio bado zilikuwa zimezimwa. Walikuwa wameahidi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwasha.

Asubuhi nilikwenda mferejini mwenyewe, maana sikutaka yule mtu ambebee Mama maji nikiwa naona. Watoto walikuwa kwenye foleni na mitungi yao. Msichana mmoja alijifunika mdomo kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye matope, akalia kwa sauti nyembamba, "Baba, usinipige mdomo, kesho ni kanisa!" Wengine walicheka wakashikana mbavu. Mvulana akajifanya baba. Mama mmoja akawakemea, lakini alikuwa amechelewa, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amekwisha fika kwenye kona na ndoo yake. Alisimama akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha aligeuka na ndoo tupu.

Nilimkuta kwetu. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha Mama na kuuvuta ule mfuko. Mdomo wake ulikuwa mzima. Alikuwa ameuombea huruma mdomo wake, akaipata.

"Ameshaenda Kayole," nilimwambia. "Mtoto yuko wapi? Tutoke sasa hivi."

"Niende wapi?"

"Kwangu. Tulisema."

Alikaa sakafuni, mfuko mapajani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Ningependelea anipige kofi.

"Unajua nini," alisema, "mimi hiyo redio ilikuwa inanisaidia. Nilikuwanga najiambia hawaji, ni vile hawaskii. Kelele ni mingi, hawaskii. Wangeskia, wangekuja. Hata mathe yangu najua alikuwa anajiambia hivyo." Alivuta pumzi. "Jana wote waliskia. Na hakuna mtu alikuja."

"Mimi nilikuja."

"Wewe unakuja na unarudi South B."

Mama alikuwa mlangoni. Alisema, "Mwanangu, nenda naye. Mimi mzee nakuambia, nenda."

"Nikitoka leo, Mama, watoto wataniimbia mpaka stegi ya matatu. Nitakuwa ule mwanamke wa mdomo. Nikibaki, watasahau." Akasimama, akajifunga leso, akauweka mfuko ndani yake. "Watu husahau, si wewe unajua."

Mama alijua.

Nilimbembeleza. Nilimshika mkono nikasahau kifundo kilichovimba, akaguna kwa maumivu, nikamwachilia, naye akatumia nafasi hiyo kutoka. Nilitaka kumkumbusha jeneza la mamake. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Sikuyasema, na mpaka leo sijui kama huo ulikuwa ubinadamu au woga. Nina hakika ya kitu kimoja tu, kwamba alikuwa ameamua kuondoka, na mimi ndiye niliyempa sababu ya kubaki. Wenzangu jijini husema kwamba mabadiliko huchukua muda. Ninawasikia. Lakini yeye hana muda.

Sikuweza kuondoka Jumapili hiyo. Nilishinda kwa Mama nikitazama ukuta. Wanawake wa chama walipita mmoja mmoja kunishukuru kwa hotuba nzuri. Walileta ndizi, walileta mayai. Hakuna aliyetaja usiku uliopita. Bibi wa "tutazima" aliniambia nimemtoa machozi, nikamuuliza ni lini, holini au baadaye? Akasema ana dawa za kumeza, akaenda.

Jioni mume alirudi kutoka Kayole. Tulisikia akishusha spika zake, akisalimiana na watu, akicheka. Kisha Mama aliweka kando unga aliokuwa akikanda, akatoka, na kurudi na binti wa rafiki yangu amemshika mkono. Mtoto alikuwa bado amevaa viatu vyake vya kanisa. Alikaa kwenye kigoda karibu na kabati, magoti yamebanana.

Kipigo kilipoanza, laini haikujua la kufanya. Redio zilikuwa chini chini, watu wakisikilizia. Jana walikuwa wameahidi kuzima, leo walikuwa na aibu ya kuwasha. Nilitoka nikaenda kwenye mlango wao. Safari hii ulikuwa umefungwa kwa komeo. Niliugonga, nikaita jina la rafiki yangu, nikasema nitavunja, nikasema nimewaita polisi, na ulikuwa uongo. Sauti yake ilikuja kutoka karibu sana, kana kwamba uso wake ulikuwa umekandamizwa pale pale kwenye mbao.

"Kama unanipenda, washa redio."

"Fungua."

"Washa redio! Watu wanaskia!"

Nilirudi ndani. Mama alikuwa na unga mpaka viwikoni. Alinitazama. Redio iko juu ya kabati, chini ya kitambaa alichokishona mwenyewe kabla sijazaliwa. Nilikiondoa kitambaa, nikaiwasha, nikageuza kile kitufe mpaka kikagoma. Ilikuwa kwaya. Jirani wa upande wa pili akaongeza yake papo hapo, bila shaka alikuwa na mkono juu yake akingoja, kisha anayefuata, na sauti ikaenda hivyo nyumba kwa nyumba hadi vyooni, na ukutani sikusikia tena chochote.

Mtoto aliinuka kwenye kigoda. Alianza kucheza, kwa visigino, viatu vya kanisa vikigonga saruji mpaka vikombe vikalia kabatini.

"Polepole, mwanangu," Mama alisema.

Nilimtazama mtoto usoni nijue kama anadhani ni sherehe. Hakudhani. Alininyooshea mkono, nami nikasimama, nikacheza naye.